Mabao Tisa ya Jina Langu

Katika chumba cha michezo cha chuo nilikosomea ualimu, juu ya kabati la jezi, ilibandikwa karatasi ya manila iliyoandikwa kwa kalamu nene: MFUNGAJI BORA 2012, MABAO 9. Chini yake jina langu, la kwanza, la baba na la babu, bila kosa la herufi hata moja. Mimi katika maisha yangu yote nimefunga bao moja tu, nalo lilikataliwa.

Cheo changu kwenye timu kilikuwa mtunza vifaa. Nilifua jezi, nikajaza mipira upepo kwa pampu ya baiskeli, nikabeba dumu la maji na mfuko wa ndimu. Sheria za soka zinataka mpira uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Mmoja wa mipira yetu, ukishalowa masika ya Tanga, ulifika uzito wa mtoto wa miezi mitatu, na aliyeupiga kichwa aliomba ruhusa ya kwenda zahanati. Hayo ndiyo mambo niliyoyajua. Kucheza sikujua. Utotoni mtaani kwetu nilikuwa yule anayewekwa golini kwa sababu mpira ni wa kaka yake.

Sasa ligi ya vyuo ya kanda ikaja na fomu inayotaka majina 20 na picha 20. Sisi tulikuwa 19. Kocha akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniona nakunja soksi. Nikawa wa ishirini. Jezi zote zilishachukuliwa isipokuwa namba 9, ambayo ilikuwa na tundu la pasi mgongoni. Picha yangu ilipigwa fotokopi pale stendi, kwenye mashine iliyokuwa inakaribia kukata roho, ikatoka nyeusi tii. Ingeweza kuwa ya mtu yeyote mwenye masikio mawili. Kumbukeni hiyo fotokopi.

Mechi tatu za kwanza sina haja ya kuzirefusha. Tulifungwa 4-0, tukafungwa 3-1, tukafungwa 6-0. Katika ile ya tatu kipa wetu aliomba atolewe, kocha akamwambia hakuna wa kuingia, naye akajibu kwamba hata asipoingia mtu hakuna kitakachobadilika. Jumatatu yake mkuu wa chuo alisimama mstarini akauliza kama timu ni yetu au ni ya wale tunaocheza nao.

Jioni hiyo kocha akanichukua hadi kwenye kiwanja kimoja cha ndondo, soka la mitaani, pale Ngamiani. Kulikuwa na jamaa mmoja anacheza pekupeku. Akampiga beki wa kwanza chenga, wa pili akampitisha tobo, wa tatu akamvisha kanzu, kisha akasimama na mpira mbele ya goli tupu akageuka kuwauliza wenzake kama kuna anayetaka kufunga. Kocha akamtazama yule jamaa. Akanitazama mimi. Akamtazama tena.

"Mnafanana," akasema.

"Kocha, mimi mfupi na nina nywele. Yule mrefu na kanyoa kipara."

"Kwenye fotokopi mnafanana."

Aliyewahi kucheza michezo ya shule Tanzania hii hahitaji kufafanuliwa neno mamluki. Wengi huingizwa kwa jina la kubuni. Wangu aliingizwa kwa jina langu. Kazi yake halisi ilikuwa ukonda wa Hiace, na mapatano yakawa hivi: kila mechi atalipwa shilingi 5,000 na sahani ya chipsi mayai, na atalitumia jina langu kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo linarudi kwangu. Mimi niliambulia chipsi kavu, bila mayai.

Wallahi yule bwana alijua mpira. Tabu ni kwamba ukonda haukumtoka. Akiona winga hana mtu, alipaza sauti kiwanja kizima: "Pembeni kweupe! Pembeni kweupe!" Kocha wetu yeye alimwita suka, yaani dereva wake. Mabeki wakimbana alisema, "Sogea kidogo, baba, kuna mtu anashuka," nao kwa mazoea ya maisha walisogea, naye akashuka kweli, hadi wavuni. Timu ikazoea. Ikafika mahali hata kipa wetu akiupiga mpira mbele alisema "Twende!" na kupiga kofi kwenye mlingoti, pa-pa, kama anayeruhusu gari liondoke.

Mechi saba, ushindi mara tano, sare mara mbili. Mabao tisa yakaandikwa kwa jina langu. Wanachuo wenzangu wa mwaka wa pili walijua mchezo wote, ila walinyamaza. Timu ikishinda, nani atakwenda kuchongea? Wa mwaka wa kwanza hawakujua. Mama wa kantini hakujua, akawa ananiongezea maharage. Mkuu wa chuo naye hakuwa akienda uwanjani, aliletewa taarifa ya mechi kwa maandishi, na Jumatatu moja mstarini akaita, "Namba tisa, pita mbele."

Jumamosi yake konda alikuwa amechezewa rafu mbaya, nami nilijua. Kwa hiyo nikatoka mstarini nachechemea kistaarabu, nimekunja uso. Mkuu akatazama taarifa, akanitazama miguu.

"Hapa wameandika umeumia mguu wa kulia."

"Ndiyo, mkuu."

"Mbona unachechemea wa kushoto?"

"Maumivu yanatembea, mkuu."

Nyuma yangu nikasikia wanachuo mia kadhaa wakikohoa kwa pamoja.

Mambo yaliharibika mechi ya kumi, ya mwisho ya kundi. Tulikuwa tunaongoza 2-0, yote ya konda, na alikuwa anakimbia kushangilia upande wa mashabiki wa wenzetu, jambo ambalo si adabu. Hapo akasimama mkufunzi wao mmoja, mtu mzima mwenye miwani, akamnyooshea kidole kinachotetemeka.

"Huyu si mwanachuo! Huyu ana mia mbili yangu!"

Uwanja ukanyamaza.

"Tangu mwezi wa pili! Nilimpa elfu moja, akaniambia nitakupa ukishuka. Nimeshuka, gari limeondoka!"

Mtu mwenye akili angesema "unanifananisha". Konda wetu alisimama pale, mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa bukta kutafuta chenji, kisha akasema maneno ambayo kocha hadi leo akiyakumbuka huketi chini: "Mzee, si nilikwambia ungoje?"

Rufaa ikakatwa jioni ile ile. Kamati ikakaa. Wenzetu wakaleta ushahidi wao, yaani mkufunzi na habari ya mia mbili yake. Sisi tukaleta fomu na ile fotokopi. Mwenyekiti, mzee mmoja mtaratibu mwenye baraghashia, aliigeuza fotokopi juu chini, akaisogeza dirishani, akavua miwani, akavaa miwani, mwisho akasema kwamba chenji si ushahidi na picha haikatai. Matokeo yakabaki. Lakini akaamuru: siku ya nusu fainali, namba 9 aje na kitambulisho halisi cha chuo, akikabidhi mezani kabla ya mechi, na acheze mbele ya macho ya kamati.

Kocha alitoka kwenye kikao hicho hana rangi. Isitoshe alikuwa Yanga, na wiki ile ndiyo kwanza Simba wamewapiga 5-0, Mei 6. Alikuwa mtu wa kula uji tu. Akaniita nyuma ya kantini.

"Utacheza."

"Kocha, mimi ni wa ndimu."

"Kitambulisho chenye jina hilo unacho wewe peke yako Tanzania nzima. Utacheza. Usiguse mpira. Ukikujia, jifanye unamwachia mwenzio."

Siku ya nusu fainali tulikwenda ugenini. Kamati yetu ya ufundi, na msomaji wa mpira wa Bongo anajua sizungumzii mafundi wa umeme bali waganga, ilikuwa imeota kwamba mlangoni kumezikwa kitu. Tukaambiwa tuingie kwa kuruka ua wa michongoma, tena kinyumenyume. Wenzangu wakaruka. Mimi nilitua juu yake. Nilikabidhi kitambulisho mezani nikiwa nimesimama upande, bukta nimeishika kwa nyuma, na mwenyekiti akanipa pole akidhani ni adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa mabao tisa?"

"Jina ni langu, mzee." Sikusema uongo.

Akakitia kitambulisho kwenye mfuko wa shati na kuketi mstari wa kati, macho kwangu.

Viatu. Sikuwa na viatu vya mpira, na kwenye mfuko vilikuwamo vya konda peke yake, namba 43. Mimi navaa 40. Nikajaza magazeti ya michezo mbele na nyuma. Mguu wa kulia niliingiza kurasa za Simba na wa kushoto za Yanga, ili nisije nikaonekana nina upande.

Filimbi ikalia, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si kocha wala kamati zetu zote mbili. Wapinzani walikuwa wameniandalia watu. Unamfahamu mfungaji wa mabao tisa, humwachi atembee ovyo. Walinipa mabeki wao wawili bora, mmoja mrefu kama mnazi, mwingine mfupi mpana kama kinu. Nitawaita hivyo, Mnazi na Kinu.

Nikaenda kulia, wakaja kulia. Nikarudi nyuma, wakarudi. Nikainama kufunga kamba, Mnazi akasimama mbele, Kinu nyuma.

"Leo hupiti," akasema Kinu.

"Sina mpango wa kupita."

Wakatazamana. "Ana maneno ya kisaikolojia huyu," Mnazi akamwambia mwenzake. "Usimsikilize."

Dakika ya 10 nikaenda pembeni kunywa maji. Wakanifuata hadi kwenye chaki wakasimama wakisubiri. Nikawapa dumu, wakanywa, wakashukuru. Dakika ya 15 nikaamua nijiweke karibu na kibendera cha kona, mahali ambapo hata kwa bahati mbaya mpira haunifikii. Wakaja nao. Tukawa watu watatu pale konani hatuna kazi, na katika hali hiyo binadamu huzungumza. Kinu aliniuliza mazoezi ya kufundisha nimepangiwa wapi. Nikamwambia. Yeye alipelekwa shule moja ya mbali, darasa lina watoto 120 na vitabu vitano. Mnazi alikuwa na wasiwasi wa ajira, kwamba wakimaliza wataitwa lini. Nikamwambia tunaomba Mungu. Tulikuwa tumeanza habari ya mishahara tukasikia kelele, kugeuka, timu yangu imefunga.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Mimi mmoja nilikuwa nimewatoa mchezoni wawili, tena wale walio bora. Kocha aliligundua hilo kabla yangu. Nikamwona pale mstarini anapunga mikono kama mtu anayefukuza kuku: kaa huko huko! Huko huko! Nikatii. Tukaenda mapumziko 1-0, na kwa mara ya kwanza kocha akaniita "mshambuliaji wangu".

Kipindi cha pili wenzetu wakasawazisha, dakika ya 60 hivi. Sikuiona vizuri. Kinu alikuwa ananieleza mambo ya mchumba wake.

Kisha dakika ya 88 beki wao mwingine akaudaka mpira ndani ya eneo la hatari kama anayedaka embe. Refa akaonyesha penye alama, mita 11 kutoka golini. Nikafurahi kama mtazamaji mwingine yeyote. Nikaanza kupiga makofi. Hapo nikasikia mashabiki wetu wa mwaka wa kwanza, wale wasiojua lolote, wanaimba: "Ti-sa! Ti-sa! Ti-sa!"

Nikamtazama nahodha. Nahodha alinitazama mimi, kisha akamtazama mwenyekiti wa kamati, ambaye alikuwa amesimama na mkono umegusa mfuko wa shati.

"Piga," akasema nahodha kwa sauti ya chini.

"Mimi?"

"Mfungaji bora akikataa penalti, tumekwisha. Juzi Kaseja, kipa yule, kamfunga Yanga penalti. Wewe namba tisa unaogopa nini?"

"Usinitajie jina hilo!" kocha akafoka kutoka nje. Wapi alipopata masikio ya kusikia sijui.

Nikauweka mpira. Nikarudi nyuma hatua nyingi, nyingi mno, kwa sababu sikujua mtu hurudi hatua ngapi. Nikageuka, nikamkuta Mnazi na Kinu wamesimama mstarini mwa eneo la hatari wananitazama kwa heshima. Kinu akaniinulia dole gumba. Kipa wao alikuwa kijana mrefu mwenye mikono kama makafi. Nikasoma niliyoyajua kwa haraka, nikakimbia.

Nitaeleza polepole, maana yenyewe ilikwenda upesi. Mguu wa kulia ulipougusa mpira, uligusa kwa ncha tu. Kiatu namba 43, pamoja na kurasa zake zote za Simba, kilichomoka kikapaa kuelekea kona ya juu kushoto. Kilipaa vizuri sana. Gazeti likafunguka hewani. Kipa akakiona kitu kinakuja kwa kasi, akaruka, na lazima nimpe haki yake, alijinyoosha mwili mzima akakidaka kwa mikono miwili. Uwanja ukapiga kelele: "Amedaka!"

Wakati huo mpira wenyewe ulikuwa unajivuta upande wa kulia kama konokono. Ukaenda, ukaenda, ukagusa mlingoti, ukarudi. Ukarudi hadi miguuni pangu. Kipa bado amelala amekumbatia kiatu. Nikaupiga kwa soksi. Ukaingia.

Jamani. Mimi mtunza vifaa. Nilivua jezi, nikaizungusha kichwani, nikakimbia. Nilipita kona, nikapita mashabiki, nikapita dumu langu la maji, nikatoka nje ya kiwanja hadi pale gari letu lilipoegeshwa, nikapiga magoti mbele ya tairi. Nikasikia hatua zinanifuata. Nikajua ni wenzangu wanakuja kunikumbatia. Nikafungua mikono, nikageuka.

Mnazi na Kinu.

"Mbona mmekuja huku?"

"Tumeambiwa tusikuache," Mnazi akasema huku anahema.

Kinu akanishika bega kwa upole. "Kaka, bao limekataliwa."

Sheria, kama ilivyo, haina shida na kiatu. Kiatu kikikutoka kwa bahati mbaya na ukafunga kabla hujakivaa, bao ni halali. Shida ni kwamba mpigaji wa penalti haruhusiwi kuugusa mpira tena mpaka uguswe na mchezaji mwingine, na mlingoti si mchezaji. Laiti kipa angeugusa hata kwa ukucha, ningekuwa shujaa. Lakini kipa aligusa kiatu. Kocha alikwenda kulibishia hilo kwa refa kwa dakika nzima: kwamba kiatu ni sehemu ya mpigaji, penalti ni tendo la mpigaji, kwa hiyo aliyedaka kiatu ameidaka penalti, na aliyeidaka penalti amegusa mpira kwa maana pana. Refa alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia hoja ni nzuri aipeleke chuo kikuu. Akawapa wenzetu faulo isiyo ya moja kwa moja pale pale.

Wakaipiga haraka. Kipa wetu alikuwa amesujudu kwenye mstari wa kati kushukuru bao langu. Pasi tatu, 2-1. Sisi watatu tulikuwa bado tuko kwenye gari.

Niliporudi kuchukua kitambulisho, refa alikuwa ameshaniandika kadi ya njano kwa kuvua jezi. Mwenyekiti alinikazia macho kwa muda. Nikajua sasa yamekwisha, atasema huyu siye, na chuo kizima kitatiwa aibu. Akanirudishia kitambulisho akatikisa kichwa.

"Kijana, umeshuka kiwango. Ni presha hiyo. Kunywa maji mengi."

Kwenye mahafali nikapewa zawadi ya mfungaji bora, chupa ya chai ya lita mbili na cheti. Wiki iliyofuata nikaenda stendi kumrudishia konda viatu vyake, maana vilikuwa vya watu. Nilimkuta mlangoni mwa Hiace anaita abiria. Habari zilishamfika. Akapokea viatu, akakipekua cha kulia, akatoa kipande cha gazeti, akakisoma kidogo, akakitupa.

"Ticha," akasema, sauti ya mtu aliyefiwa, "mimi nimelitunza jina hili mechi saba. Wewe nimekuachia siku moja tu, umeniharibia jina."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi. Akaniuliza chupa ya chai iko wapi, nikamwambia bwenini, akasema kesho niilete, cheti nibaki nacho. Nikakubali, nikapanda gari nirudi chuoni, nikampa elfu moja. Nauli ilikuwa mia nne.

"Nitakupa ukishuka," akasema.